Neno Lisilogombaniwa ni Amana



Mwezi uliopita alinitembelea hapa Saint Louis Park mtoto wa ndugu yangu, kijana ambaye kazi yake ni kuwatangazia wafanyabiashara bidhaa zao katika intaneti kwa njia ya makala. Theluji ilikuwa imefunga njia, chai ya tangawizi ilikuwa mezani, na mazungumzo yakaiangukia blogu hii. Akaniambia: "Ami, makala zako nzuri, lakini waziandika pangoni. Kabla hujashika kalamu, tafuta maneno yenye watafutaji wengi na washindani wachache. Siri yote ni hiyo." Kisha akafungua kompyuta yake akanionyesha programu ambayo ukiitia neno, hukupa nambari mbili: ya kwanza ni makadirio ya watu wanaolitafuta neno hilo kwa mwezi, na ya pili ni ugumu wa kufika ukurasa wa kwanza wa matokeo.

Mimi ni karani mstaafu. Umri wangu wa kazi, kwanza Mombasa na kisha hapa Minnesota, niliumaliza katika masjala, baina ya majalada na faharasa. Karani anajua jambo ambalo wasomi wengine hulisahau, nalo ni kwamba jalada lisilo na anwani sahihi limepotea hata likiwa kabatini mbele ya macho yako. Kwa hiyo sikumdharau kijana. Alilolisema ni kweli, ila ni nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo ninayokusudia kuieleza leo. Rai yangu ni hii: sisi wazao wa wahamaji tuna maneno yasiyogombaniwa kuliko mfanyabiashara yeyote, lakini maneno hayo hayachaguliwi kwa nambari za programu. Huchaguliwa kwa kumjua anayetafuta. Na mwenye kulipata neno la namna hiyo asijione ameshinda mashindano, maana kilichowekwa mikononi mwake ni amana.

Nianze na mfano wa hapa mtaani kwangu. Ukipita karibu na makutano ya barabara kuu ya 7 na ile ya 100, utauona mnara mrefu wa saruji usio na madirisha. Ulijengwa baina ya mwaka 1899 na 1900 kujaribu kama nafaka zaweza kuhifadhiwa ndani ya saruji, na watu wa zama zile waliucheka. Pembeni mwake kipo kiwanda cha Nordic Ware, kilichoanzishwa mwaka 1946 na H. David Dalquist pamoja na mkewe Dorothy. Mwaka 1950 kinamama wa Kiyahudi wa jumuiya ya Hadassah tawi la Minneapolis walimwendea Dalquist na ombi. Walitaka kalibu la keki lenye tundu katikati, mfano wa yale yaliyotumika Ulaya walikotoka wazee wao, kwani hapa halikuwepo dukani. Akalitengeneza kwa alumini. Yasimuliwa kwamba jina lao la Kijerumani liliishia kwenye herufi d, naye akaongeza t mwishoni, akalisajili likawa lake: Bundt.

Hilo, kwa lugha ya kijana wangu, lilikuwa neno lisilo na mshindani hata mmoja. Hakuna duka jingine lililokuwa na Bundt. Lakini je, kalibu liliuzika? Miaka 16 lilisuasua. Ilipofika mwaka 1966 ndipo mwanamke mmoja wa Texas, Ella Helfrich, alipopata nafasi ya pili katika mashindano ya upishi ya kampuni ya Pillsbury kwa keki ya chokoleti iliyookwa katika kalibu hilo. Watu wakaitamani keki, na kwa kuitamani keki wakaliuliza kalibu kwa jina lake. Pillsbury ilipokea maombi zaidi ya 200,000 ya watu waliotaka kujua litapatikana wapi.

Nayasoma hapo mambo mawili. La kwanza, kukosekana kwa ushindani peke yake hakuleti mtu. Jina lilikaa wazi miaka 16 na aliyelihitaji hakutokea, mpaka kilipopatikana kitu cha maana nyuma ya jina. La pili, ambalo ni kubwa kwetu, kisa chote kilianza kwa wazao wa wahamaji waliokumbuka chombo cha jikoni na wakathubutu kukiuliza. Hawakuomba "vyombo bora vya jikoni". Waliomba kitu kimoja mahsusi, wakakitaja kama walivyokirithi vinywani mwa mama zao.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe. Mwaka 2016 nilikaa kipupwe kizima nikiandika makala ndefu, nikaipa kichwa kizito: "Historia ya Zanzibar na Watu Wake". Niliona fahari. Nilieleza safari za wazee wetu kutoka Oman, mashamba ya Pemba, na kutawanyika kwetu baada ya mwaka 1964. Ndani yake, katika aya ya kumi na saba, nilizungumzia duka la babu yangu kijijini Ole, Pemba, na magunia ya makonyo yaliyopangwa ukutani. Miaka mitatu makala ile ikakaa, na walioisoma ni wale niliowapigia simu kuwaambia waisome.

Na wangeipataje? Neno Zanzibar limejaa mahoteli, mashirika ya ndege, ensaiklopidia, vitabu vya safari na picha za fukwe. Nani angeshuka kurasa hamsini kumtafuta karani wa Saint Louis Park? Ukiliandika kwa herufi za Kiarabu, utakutana pia na mji wa Zinjibar ulioko mkoa wa Abyan, Yemen, unaoandikwa hivyo hivyo. Neno karafuu nalo limetekwa na wanaoeleza faida zake kwa meno na kwa tumbo.

Nikadhani labda majina ya miji midogo yatanisaidia. Nikajaribu Mkoani, bandari ya kusini mwa Pemba ambako baba yangu alipandia chombo. Lakini kila gazeti la Tanzania huandika "mkoani Mwanza" na "mkoani Tanga", basi bandari yetu imezama ndani ya bahari ya habari. Nikajaribu Vitongoji, karibu na Chake Chake. Nako nikakuta uchaguzi wa serikali za mitaa, vijiji na vitongoji. Nikajaribu Ole. Hapo nilicheka peke yangu, kwani katika Kiswahili ole ni neno la kuonya, kwa Wamaasai ni sehemu ya majina ya watu, na hapa Minnesota, Ole ni Mnorwe wa kwenye vichekesho ambaye mkewe ni Lena. Kijiji cha babu yangu kimekaa nyuma ya foleni ya Wanorwe!

Kwa hiyo mwaka 2019 nilifanya kazi ya karani. Nilivunja makala ile kubwa, kila jambo nikalipa jalada lake na anwani yake. Moja katika hizo niliiita "Duka la makonyo kijijini Ole, Pemba". Kwa wasiojua, makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Usiku wa msimu, wanawake na watoto hukaa kitako juu ya majamvi wakichambua, huku karafuu na huku makonyo, na vidole hunuka mpaka asubuhi. Hata makonyo hayatupwi. Huuzwa na kukamuliwa mafuta, na kiwanda chake kipo Wawi, karibu na Chake Chake. Asiyehusiana na Pemba hana sababu ya kuliandika neno hili. Lakini aliyelelewa na mtu wa Pemba huenda amelisikia kabla hajajua kusoma.

Haikupita miezi sita ikaniwasili barua kutoka Oman. Aliyeandika ni binti wa makamo, Kiswahili chake kimechanganyika na Kiarabu. Alisema bibi yake alikuwa akiwasimulia kwamba utotoni akilala juu ya magunia ya makonyo dukani kwa ami yake huko Ole, na harufu ile hakuisahau maisha yake yote. Binti akaandika katika simu yake maneno matatu, makonyo, Ole, Pemba, na makala yangu ikawa ya kwanza. Yule ami mwenye duka ndiye babu yangu. Bibi yake na baba yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, na tangu mwaka 1964 kila upande ulidhani upande wa pili umekwisha.

Ningependa kuishia hapo. Lakini binti aliendelea kuandika kwamba alinitafuta, au alilitafuta jina letu, tangu mwaka 2017, wakati bibi yake angali hai na akimhimiza. Alitafuta kwa jina la baba wa bibi kama lilivyo katika pasi ya Oman, na kwa neno Zanzibar. Hakuona kitu. Barua ilipokuja kunifikia, bibi alikuwa amefariki miezi minne iliyopita, na binti alikuwa akitafuta tena ili akamilishe nasaba ya kuwasomea watoto. Habari aliyoihitaji ilikuwako muda wote, katika aya ya kumi na saba ya makala yenye kichwa kizito. Mimi, karani wa miaka yote ile, nilikuwa nimeliweka jalada mahali pasipo pake. Tangu siku hiyo siwezi kulisikia jambo hili la kuchagua maneno likaitwa ujanja wa soko tu.

Basi nitaeleza ninavyochagua sasa, ili anayeandika habari za ukoo wake asipoteze miaka mitatu kama mimi.

Kwanza, naanza na kusikiliza. Namwuliza mzee: mlikuwa mkiitaje? Siulizi kitu hicho kinaitwaje katika Kiswahili sanifu wala katika vitabu. Kama alisema frasila, naandika frasila. Kama alisema pishi na kibaba, naandika pishi na kibaba. Mjukuu anayetafuta hana kamusi mkononi. Alichonacho ni sauti ya bibi yake.

Pili, nalijaribu neno lenyewe. Naliandika ndani ya alama za kunukuu ili mtambo uniletee maneno yale yale kwa mpangilio ule ule, kisha natazama walioko ukurasa wa kwanza. Nikiona magazeti, serikali, ensaiklopidia na mahoteli, naondoka kimya kimya, hapo si pa mtu wa rika langu. Nikiona mambo yasiyohusiana, au swali la mtu lililokaa miaka bila jibu, hapo najua pana kiti kitupu.

Tatu, nafunga ndoa ya maneno madogo. Ole peke yake ni Mnorwe, na duka peke yake ni kila duka duniani. Lakini duka, makonyo, Ole na Pemba yakikaa pamoja hayana mgombea. Neno kubwa moja ni soko la hadhara, na maneno madogo manne ni mlango wa nyumba.

Nne, nazingatia tahajia, na hapa wazao wa Kiarabu tuna msiba wetu wa pekee. Makarani wa zamani Afrika Mashariki waliandika majina kwa walivyosikia, na makarani wa Ghuba wakayaandika upya kutoka Kiarabu. Aliyekuwa Nassor Pemba huwa Nasser au Nasir Maskat. Seif huwa Saif, na Sleman huwa Suleiman au Sulaiman. Nisba nazo huja na "Al" au bila yake, huishia kwa i au kwa y, na Riyami mmoja ana ndugu yake Riami. Hili ndilo lililomficha bibi yule, kwani jina la baba yake katika pasi halikufanana na jina lililomo katika makala yangu. Wenzetu wa Barawa tunaoishi nao hapa Minneapolis wana shida hiyo katika jina la lugha yao: huyu huandika Chimwini, huyu Chimiini, na mwengine huiita Chimbalazi. Dawa yake si kurundika tahajia zote kama shanga. Iandikwe sentensi moja ya kweli: "Jina hili Pemba liliandikwa hivi, na Oman huandikwa hivi." Na likiwezekana, lifuatiwe na jina hilo kwa herufi za Kiarabu.

Tano, neno nililolichagua naliweka katika kichwa na katika aya ya kwanza, kisha naliacha. Halihitaji kupigwa ngoma katika kila mstari.

Kijana wangu aliponisikiliza mpaka hapa, alitia neno makonyo katika programu yake. Pale penye idadi ya watafutaji palitokea sifuri. "Waona, Ami? Halina mshindani kwa sababu halina mteja." Hoja yake ina uzito na sitaki kuikwepa. Mwuza viatu akichagua neno lenye sifuri atakufa njaa. Mwaka 2004 mwandishi Chris Anderson, katika jarida la Wired, alilipa jambo hili jina la mkia mrefu: vitu vingi, kila kimoja kikiwa na wahitaji wachache, vikijumlishwa huwa soko kubwa. Lakini hata yeye alizungumzia soko, nalo hutaka jumla.

Jibu langu ni kwamba sifuri ya programu si sifuri ya dunia. Google wenyewe wamesema kwa miaka mingi kwamba takriban asilimia 15 ya maulizo ya kila siku ni mapya, hawajapata kuyaona kabla. Binti wa Oman alikuwa miongoni mwa hayo. Programu ilimhesabu kuwa si mtu. Mfanyabiashara hutafuta wateja elfu moja wa kununua kitu kimoja, hali mimi natafuta mtu mmoja ambaye hakuna mwengine wa kumweka badala yake. Kipimo cha mfanyabiashara kikitumika kwangu, kitanishauri niiache habari ya duka niandike faida za karafuu. Nitapata wageni elfu, na jamaa yangu atapita asinione.

Pia kijana amezaliwa juzi, hakuona yaliyowapata waliofuata nambari peke yake. Zilikuwako tovuti za kuhifadhi makala, ambazo watu walizijaza maelfu ya makala za maneno mia nne mia tano, kila moja imejengwa juu ya neno lenye washindani wachache, na ndani hamna kitu. Mtu huyo huyo aliandika leo juu ya bima, kesho juu ya samaki wa mapambo, na hajapata kufuga hata mmoja. Tarehe 24 Februari 2011 Google ilitangaza kubadilisha namna yake ya kupanga matokeo, mabadiliko yaliyogusa asilimia 11.8 ya maulizo huko Marekani, kwa nia ya kuzishusha tovuti zenye maandishi hafifu. Nyingi katika tovuti zile za makala zilianguka. Walikuwa wamekimbilia viti vitupu, wakakaa, na walipoulizwa wana nini cha kusema, hawakuwa na neno. Na siku hizi, ambapo mashine yaweza kuandika makala mia kabla hujamaliza kikombe cha chai, kishawishi hicho kimerudi kwa nguvu zaidi.

Hapa ndipo nafika kwenye neno amana. Panapogombaniwa, uwongo hukutana na mpinzani. Ukikosea mwaka wa mapinduzi, wapo mia watakaokusahihisha. Lakini mahali ambapo wewe ni msemaji peke yako, kosa lako ndilo litakalokuwa ukweli wa wanaokuja. Nami nimeliona hilo kwa aibu yangu. Katika makala ya duka niliandika kwamba lilifunguliwa mwaka 1938. Sikuwa na hati. Nilikisia kutokana na umri wa baba, kisha nikaandika bila kusema kwamba nimekisia. Mwaka uliofuata nikaukuta mwaka ule katika shajara ya nasaba ya jamaa wa Dubai, na kisha katika karatasi aliyoiandika mtoto wa shule, mjukuu wa jamaa huyo. Nilipomwuliza yule wa Dubai ameutoa wapi, alinijibu kwa furaha: "Nimeutafuta, na nimeuthibitisha." Alikuwa amethibitisha kwangu mimi! Nimekwisha kusahihisha makala, lakini sidhani kama nitaweza kuzifikia nakala zote.

Na kuna upande wa pili wa amana, ulio mzito zaidi. Jina la mtu lenye nisba adimu ni neno lisilo na mshindani hata kidogo. Ukiliandika leo, litakuwa la kwanza kesho, na litabaki la kwanza. Niliwahi kusimulia ugomvi wa deni baina ya jamaa wawili wa zamani, nikamtaja mmoja kwa jina lake kamili. Baada ya muda mjukuu wake, mwenye jina lile lile kama ilivyo ada yetu, alinipigia simu. Alikuwa akitafuta kazi, na kila aliyelitafuta jina lake alikutana kwanza na deni la babu yake. Hakunitukana, na ingekuwa afadhali angenitukana. Niliifuta makala siku ile ile. Tangu hapo, habari njema naipa jina, na habari ya kuumiza naipa mahali na kazi tu: mwenye shamba fulani, nahodha wa jahazi. Walio hai siwataji bila idhini yao. Wapo miongoni mwetu waliohama kwa khofu, na baadhi yao hawapendi kupatikana. Kumfungulia mlango anayetafuta hakunipi ruhusa ya kumtoa nje aliyejificha.

Kijana alipoondoka, tulikuwa tumekubaliana nusu. Alikiri kwamba nambari zake haziwezi kumwona mtu mmoja. Mimi nilikiri kwamba bila ya kunifundisha alama za kunukuu na kutazama ukurasa wa kwanza, ningeendelea kuandika vichwa vizito mpaka kaburini. Alipokuwa akivaa viatu mlangoni aliniuliza: "Ami, na mimi nikitaka kuwatafuta jamaa zetu wa upande wa bibi, niandike nini?" Nikamwambia ampigie simu shangazi yake Mombasa, amwulize ile chombo waliyosafiria iliitwaje. Asiulize mwaka wala sababu, aulize jina la chombo tu. Nahisi bado hajampigia, na shangazi ana miaka 84.

Kwa hiyo nawaomba nanyi. Wiki hii, kabla hamjaandika chochote, mpigieni mzee mmoja aliyebaki, mwombeni neno moja ambalo halisikiki tena nyumbani kwenu: jina la kisima, la mtaa, la chombo, la chakula cha siku ya msimu. Liandikeni kama alivyolitamka, na pembeni mweke nani amelisema na lini. Kisha lijaribuni. Likiwa halina mwenyewe, liandikieni habari ya kweli hata kama ni aya tatu, na msilolijua msilikisie. Huenda likakaa miaka bila kubishiwa hodi. Makonyo yalikaa miezi sita tu, na nilikuwa nimekwisha kuchelewa.